Sala binafsi yenye uwiano: mwongozo wa hatua kwa hatua

Mtu akisikiliza sala zake mwenyewe kwa wiki nzima, ataona zimeegemea wapi. Yuko anayeomba tu: kazi, afya, watoto, safari, madeni, na orodha ikiisha anasema amina. Yuko anayesoma sala zilizoandikwa, kwa uaminifu mkubwa, lakini hajawahi kumwambia Mungu jambo linalomkera. Mwingine sala yake yote ni vita. Anakemea tangu asubuhi hadi usiku, na shukrani haina nafasi. Na yuko anayeungama kila siku dhambi ileile aliyokwisha kuiacha miaka iliyopita, kana kwamba msamaha haukumfikia. Kila mmoja wa hawa ana jambo jema mkononi. Tatizo ni kwamba analitumia hilo moja kwa kila hali, kama mgonjwa anayemeza kidonge kilekile kwa kila maradhi.

Paulo alipomwandikia Timotheo alitaja dua, sala, maombezi na shukrani kwa pamoja (1 Timotheo 2:1). Mwongozo huu unahusu namna ya kuvipa nafasi vyote hivyo, pamoja na toba na ukimya, katika maisha ya mtu mwenye shughuli zake. Neno moja kabla ya kuanza: uwiano haumaanishi dakika sawa kwa kila kipengele, wala si lazima kila sala iwe na kila kitu. Mtu aliyefiwa leo hana wajibu wa kuanza na sifa. Mimi naona uwiano upimwe kwa wiki, na wakati mwingine kwa majira mazima.

1. Tazama sala yako ilivyo sasa

Usibadilishe chochote kwa siku saba. Kila unapomaliza kusali, andika maneno mawili matatu: "niliomba kazi", "nilishukuru", "Baba Yetu tu, nimechoka", "sikusali". Usijipe alama. Mwisho wa wiki soma ulichoandika na ujiulize: ni nani ametajwa zaidi, mimi au wengine? Nimeshukuru kwa kitu mahususi, au kwa "yote" tu? Nimenyamaza hata mara moja? Kuna jambo zito moyoni ambalo halikuingia kabisa katika sala?

Hilo la mwisho ndilo lenye faida kuliko yote. Mara nyingi jambo tunaloliacha nje ya sala ndilo linalotukosesha usingizi.

2. Weka saa, mahali na kiasi

Hapa watu hupoteza nguvu nyingi bure. Danieli alisali mara tatu kwa siku (Danieli 6:10). Yesu aliamka alfajiri na mapema sana akaenda mahali pasipokuwa na watu (Marko 1:35), na siku nyingine alikesha usiku kucha (Luka 6:12). Hakuna saa moja takatifu. Chagua saa ambayo kwa kawaida uko macho, huitwi na mtu, na ambayo tayari imefungwa na jambo ulifanyalo kila siku: baada ya kunawa uso, kabla ya kutoka nyumbani, watoto wakishalala. Mwenye kazi ya zamu aifunge na kuamka kwake, si na saa ya ukutani.

Anza na dakika kumi. Najua inaonekana kidogo kwa aliyezoea kusikia habari za wanaosali kwa muda wa saa tatu, lakini dakika kumi zinazodumu mwaka mzima zitamfikisha mtu mbali kuliko saa moja iliyodumu siku nne. Benedikto wa Nursia, aliyeandika kanuni za watawa katika karne ya 6, aliagiza sala iwe fupi na safi, isipokuwa pale neema ya Mungu inapomvuta mtu kuirefusha. Kama watawa waliambiwa hivyo, mwenye kazi na familia hana sababu ya kuona aibu.

Mahali pawe palepale. Simu iwe mbali, au ukiitumia kusomea Biblia, izimie intaneti kwanza. Kusimama, kupiga magoti, kukaa, kulala kifudifudi: vyote vimo katika Maandiko, chagua mkao ambao mwili wako unaweza kuumudu.

3. Tumia Sala ya Bwana kama mifupa

Wengi wamefundishwa mpangilio wa sifa, toba, shukrani, kisha maombi. Unafaa kwa kuanzia. Lakini Yesu alipoombwa na wanafunzi wake awafundishe kusali, alikwisha kutoa mpangilio bora, na tunauharakisha kwa nusu dakika. Maandishi ya Kikristo ya kale sana yaitwayo Didake yanaagiza sala hiyo isaliwe mara tatu kwa siku. Martin Luther, kinyozi wake Petro alipomwomba amfundishe kusali, alimwandikia mwaka 1535 maelekezo yanayomtaka achukue ombi moja moja la sala hiyo na kulipanua kwa maneno yake. Namna hiyo ndiyo ninayoipendekeza hapa.

Tamka kifungu, simama, kisha ongea juu yake kwa maneno yako mwenyewe.

"Baba yetu uliye mbinguni." Usipite haraka. Wapo ambao neno baba linawaumiza kwa sababu ya baba waliyempata. Hao waseme hivyohivyo kwa Mungu. Angalia pia kwamba ni Baba "yetu": hata ukiwa peke yako chumbani unasali pamoja na wengine.

"Jina lako litukuzwe." Hapa ndipo mahali pa sifa. Chukua jambo moja kumhusu Mungu, kwa mfano uvumilivu wake, na umsifu kwa hilo tu. Majina kumi ya sifa yaliyopangwa mstari mmoja yanapita mdomoni bila kugusa kitu.

"Ufalme wako uje, mapenzi yako yatimizwe." Taja mahali ambapo mapenzi yake hayaonekani: vita fulani, uonevu kazini, ugomvi wa ndugu. Kisha ingiza mipango yako mwenyewe, ule hasa ambao hutaki uguswe. Yesu kule Gethsemane aliomba kwanza alichokitaka, kikombe kimwondokee, ndipo akasema, "Walakini si mapenzi yangu, bali yako yatendeke" (Luka 22:42). Mpangilio huo ni wa thamani. Anayeruka moja kwa moja kwenye "mapenzi yako" bila kusema anachotaka, huenda anaogopa kusema ukweli.

"Utupe leo riziki yetu." Omba mahitaji bila haya, na uombe kwa kutaja. Neno "leo" linaweka mpaka: mahitaji ya mwaka ujao hayakatazwi, lakini anza na ya leo.

"Utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu." Toba na msamaha kwa pamoja, tutarudi hapa.

"Na usitutie majaribuni, lakini utuokoe na yule mwovu." Nafasi ya mapambano ya kiroho ni hii. Ipo kweli, na iko mwishoni. Kama sala yako ya kawaida inaanzia hapa na kuishia hapa, jaribu kwa mwezi mmoja kufuata mpangilio wa Bwana uone.

Si lazima upanue vifungu vyote kila siku. Panua viwili, vingine vitamke kwa utulivu, uendelee na kazi zako. Kesho panua vingine.

4. Azima maneno ya Zaburi

Kama kuna hatua moja ya kutoiacha, ni hii. Sala za maneno yetu wenyewe huzunguka mahali pamoja. Baada ya miezi michache tunajirudia bila kujua. Zaburi 150 zinatutoa huko, maana zinatulazimisha kusema mambo ambayo tusingeyafikiria: furaha siku ya huzuni, kilio siku tuliyo salama, kwa niaba ya anayelia mahali pengine.

Takriban theluthi moja ya Zaburi au zaidi ni maombolezo. Linganisha na sala zako. "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" (Zaburi 13:1) ni neno la Maandiko, lililohifadhiwa ili litumike. Zaburi ya 88 inaanza na kilio na kuishia gizani, bila ule mgeuko wa matumaini tuliouzoea. Mtu aliyefundishwa kwamba imani ni kusema mazuri tu anaishtukia. Na iachwe imshtue. Kumlalamikia Mungu uso kwa uso ni tofauti kabisa na kumlalamikia pembeni; anayelalamika uso kwa uso bado anaongea naye.

Namna ya kufanya ni rahisi. Soma zaburi moja kwa siku kwa sauti ndogo, na mstari unaokugusa ugeuze kuwa sala yako. Kwa mwendo huo utazimaliza zote kwa miezi mitano hivi. Watawa wa Benedikto walizisali zote kila wiki, na kitabu cha sala cha Waanglikana kimezigawa kwa siku 30, asubuhi na jioni. Hizo ni ratiba za kufikia baadaye, ukitaka. Ile ndefu ya 119 ikate vipande.

Utakutana na zaburi za laana, kama ya 109 na mwisho wa 137. Usizitumie kumtaja jirani yako. Zisome kama ushahidi kwamba hasira ya aliyedhulumiwa inaweza kupelekwa kwa Mungu na kuachwa mikononi mwake, badala ya kupelekwa kwa panga. Kama huwezi kuzisali kwa sasa, zipite.

5. Toba iwe mahususi, tena fupi

Jioni inafaa zaidi. Ignatius wa Loyola, aliyeanzisha shirika la Wajesuiti, aliacha utaratibu wa kuchunguza dhamiri wenye hatua tano, nao unaenea vizuri katika dakika saba au nane: mshukuru Mungu kwa mema ya siku, omba mwanga wa kujiona kwa kweli, ipitie siku saa kwa saa tangu kuamka, omba msamaha kwa ulipokosa, azimia jambo moja la kesho kwa msaada wake.

Watu wengi huruka hatua ya kwanza. Kuanza na shukrani ndiko kunakozuia uchunguzi usigeuke kujichapa.

Epuka "nisamehe dhambi zangu zote" peke yake. Sema: "Nilimdanganya fulani kuhusu zile fedha." Mtoza ushuru katika Luka 18 alisema maneno machache sana, "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi," akarudi nyumbani amehesabiwa haki. Ukishaungama, nenda. Na kama kosa limemgusa mtu, sala haimalizi jambo: Yesu anasema uiache sadaka yako mbele ya madhabahu, ukapatane kwanza na ndugu yako (Mathayo 5:23-24). Wakati mwingine sehemu iliyobaki ya toba ni kupiga simu.

Kwa mtu mwenye dhamiri inayomsumbua kupita kiasi, anayeungama jambo moja mara ishirini na bado hapati amani, ushauri wangu ni kinyume: apunguze uchunguzi, azidishe shukrani, na ajikabidhi kwa padri, mchungaji au mlezi mmoja wa kiroho anayemwamini, akubali neno lake. Asilipeleke tatizo hilo kwa watu watano.

6. Maombezi bila kuelemewa

Orodha ya watu wa kuombea hukua mpaka inamshinda mwenyewe. Igawe kwa siku. Familia ya karibu iwe kila siku. Wengine wape siku yao: Jumatatu wagonjwa, Jumanne wafanyakazi wenzako, Jumatano kanisa na wahudumu wake, Alhamisi viongozi wa nchi na wenye mamlaka, Ijumaa wanaoteseka na wasio na mtu wa kuwaombea, Jumamosi wale mnaokosana nao. Hii ya Jumamosi haipendezi, lakini agizo liko wazi (Mathayo 5:44). Anza kwa kutaja jina tu, bila kujilazimisha kuhisi upendo.

Katika daftari andika jina, ombi na tarehe. Acha nafasi ya kuandika kilichotokea. Baada ya miezi sita pitia. Utakuta majibu uliyosahau kuyashukuru, na maombi ambayo sasa unaona afadhali hayakujibiwa ulivyotaka.

Mtu akikuambia "niombee", mwombee papo hapo, hata kwa sentensi moja. Ahadi za "nitakuombea" ni rahisi kuzitoa na rahisi kuzisahau. Na siri aliyokupa ibaki kwako na kwa Mungu. Umbea umeingia katika vikundi vingi kwa kuvaa kanzu ya maombi.

7. Nyamaza

Dakika tatu, mwishoni mwa sala, bila ombi lolote. Kaa wima, pumua taratibu. Mawazo yatakuja kwa wingi, maana akili haijazoea kuachiwa nafasi. Usipigane nayo. Rudi tu kwenye neno moja au sentensi fupi. Wakristo wa Kanisa la Kiorthodoksi wana sala ya kale inayofaa sana hapa: "Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unihurumie mimi mwenye dhambi." Irudie polepole pamoja na pumzi. Yesu aliwakataza wanafunzi kupayuka-payuka wakidhani watasikiwa kwa wingi wa maneno (Mathayo 6:7). Kurudia sala fupi kwa moyo uliotulia ni jambo jingine, kama ambavyo Zaburi ya 136 inavyorudia kiitikio kilekile katika mistari yake yote 26.

Unaweza pia kuingia katika ukimya kupitia Neno. Guigo wa Pili, mtawa wa Kikartusi wa karne ya 12, aliieleza njia hiyo kwa ngazi nne: soma kifungu kifupi, kitafakari, kisali, kisha tulia mbele za Mungu. Mistari mitano inatosha.

Je, ukisikia kitu moyoni? Kiandike, usikimbilie kukitenda. Kipime kwa Maandiko, kipe muda, kishirikishe mtu aliyekomaa katika imani. Yohana anaagiza kuzijaribu roho (1 Yohana 4:1). Ndoa, kuacha kazi au kuuza mali si mambo ya kuamuliwa na hisia moja ya asubuhi. Na sauti inayokuambia uache dawa ulizoandikiwa na daktari isifuatwe. Sala na matibabu havigombani.

8. Sala za katikati ya siku

Nehemia alikuwa amesimama mbele ya mfalme, ameulizwa anataka nini. Kati ya swali na jibu anaandika: "Basi nikamwomba Mungu wa mbinguni" (Nehemia 2:4). Sala hiyo haikuzidi pumzi mbili. Ndugu Lawrence, mtawa Mkarmeli wa Paris katika karne ya 17, alifanya kazi ya jikoni na akajizoeza kuzungumza na Mungu katikati ya vyombo, akisema kazi haikumtenga naye.

Chagua vichocheo viwili tu: kila unapofungua mlango wa kazini, kila unaposikia habari mbaya. "Bwana, nisaidie." "Asante." Ndivyo "ombeni bila kukoma" (1 Wathesalonike 5:17) linavyoweza kuanza kuwa kweli kwa mtu asiye mtawa.

Wiki inavyoweza kuonekana

Asubuhi dakika kumi: zaburi moja, Sala ya Bwana huku ukipanua vifungu viwili, majina ya siku hiyo. Mchana pumzi moja moja. Jioni uchunguzi wa siku, na usiku mmoja au miwili ya wiki ukimya mrefu zaidi, dakika kumi na tano. Jumapili acha orodha zote; sali pamoja na kanisa, na faraghani shukuru tu. Anayesali Rozari, masifu ya kanisa au ibada ya familia asiongeze haya yote juu yake. Ayaweke hayo kuwa shina, achukue hapa kinachopungua. Usianze hatua zote nane kwa mara moja. Moja kila wiki mbili ni mwendo mzuri.

Kufunga kunaweza kuungana na sala, kwa siri (Mathayo 6:16-18). Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye kisukari au anayetumia dawa za kila siku ajinyime kitu kingine badala ya chakula: mitandao, televisheni, maneno mengi.

Sala ikikauka, au ikikatika

Itakauka. Utafika siku ambazo maneno hayana ladha na Mungu anaonekana hayupo. Punguza, usiache. Sala iliyoandikwa ni msaada mkubwa kipindi hicho, kwa kuwa haisubiri hisia zako. Paulo anasema hatujui kuomba itupasavyo, na Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa (Warumi 8:26). Kuugua nako ni sala.

Angalia pia mwili. Eliya alipotaka kufa, malaika hakumhubiria. Alimpa chakula akamwacha alale tena (1 Wafalme 19). Uchovu na sonona hufanana sana na ukavu wa kiroho. Kama huzuni inadumu kwa wiki nyingi, hulali, huli, au unafikiria kufa, mwone daktari na mwambie mtu wa karibu leo, ukiendelea kusali.

Kama ombi halijibiwi, usijiambie haraka kwamba imani yako ni ndogo. Paulo alimsihi Bwana mara tatu kuhusu mwiba wake, na jibu likawa "Neema yangu yakutosha" (2 Wakorintho 12:9), huku mwiba ukibaki. Mjane wa Luka 18 naye aliendelea kudai haki mpaka akaipata. Maandiko yanaweka mifano yote miwili, na hakuna anayeweza kukuambia kutoka nje uko katika upi. Endelea kuomba mpaka upate ulichoomba, au mpaka upate neno jingine.

Ukikatisha siku kumi, au mwaka, usifidie. Rudi siku hiyo hiyo na Baba Yetu moja. Kisha kila baada ya miezi mitatu, au Majilio na Kwaresima zinapoanza, rudia zoezi la hatua ya kwanza kwa siku saba na utazame mizani imeegemea upande gani safari hii. Karibu kila mara huwa umehama.